Saa ya Kwanza ni ya Kijiji: Mwongozo kwa Watendaji, Mgambo na Wajumbe wa Ulinzi na Usalama

Vituo vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji viko mijini. Kijiji kilicho kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya, kwa barabara ya vumbi inayokatizwa na makorongo mawili, hakiwezi kutegemea kwamba gari la zimamoto litafika kabla paa la nyasi halijaanguka. Hali ni hiyohiyo kwa gari la wagonjwa na kwa askari wa doria. Kusema hivyo si kulilaumu jeshi wala idara ya afya. Ni kukubali jiografia ya nchi. Saa ya kwanza ya dharura vijijini iko mikononi mwa watu waliopo, na kazi ya kiongozi ni kuhakikisha wanajua nani afanye nini kabla siku hiyo haijafika.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika. Wavuvi wale hawakuwa na mafunzo ya kuokoa abiria wa ndege. Walikuwa na vyombo, walilijua ziwa, na walikuwa karibu. Kila kijiji kina watu wa namna hiyo: mwenye trekta, mwenye kamba ndefu, mkunga mstaafu, kijana wa bodaboda anayejua njia ya kupita masika daraja likikatika. Kamati makini huwatambua mapema, huwaomba ridhaa yao na huandika namba zao za simu. Kuwatafuta wakati yowe limeshapigwa ni kuchelewa.

Mamlaka ya kufanya hivyo yapo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 ndiyo inayoipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kuendesha mambo yake kupitia kamati, ikiwamo ya ulinzi na usalama, na kutunga sheria ndogo zinazopitia mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 nayo inashusha kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Upungufu hauko kwenye sheria. Uko kwenye orodha iliyobandikwa ukutani mwa ofisi, yenye jina la mjumbe aliyehamia mjini na la mwingine aliyekwishafariki. Orodha isiyohuishwa ni hatari kuliko kukosa orodha, kwa sababu inampa mtendaji utulivu asioustahili.

Kazi ya kwanza katika dharura ni kuita, na ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Namba ni fupi na hazitozwi: 112 kwa polisi, 114 kwa zimamoto na uokoaji, 115 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, 116 kwa taarifa za ukatili dhidi ya watoto. Ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati, shule, ghala na kilabu cha pombe. Kilabu kisisahauliwe, maana usiku ndiko kwenye watu walio macho.

Kuwa na namba hakutoshi. Anayepiga akiwa amejawa hofu husema, "Njooni haraka, watu wanakufa," kisha simu inakatika. Anayepokea mkoani hana pa kuanzia. Taarifa inayofaa ina mambo machache, na wapiga simu walioteuliwa wanapaswa kuyazoea: jina la kijiji, kata na wilaya, kwa kuwa vijiji vyenye jina moja ni vingi, kitongoji na alama isiyopotea, kama vile mnara, kisima cha mradi au shule, jambo lililotokea na idadi ya walioumia, na hali ya njia. Hili la mwisho huachwa, nalo ndilo linalookoa muda. Dereva aliyeambiwa kwamba korongo limejaa na apitie barabara ya mnadani hatalazimika kurudi nyuma kilomita 20 usiku. Anayepiga abaki hewani hadi aruhusiwe kukata, na mtu mwingine aende njia panda na tochi kuwapokea wanaokuja.

Kuna vitongoji ambavyo simu hushika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu au chini ya mwembe fulani. Wenyeji wanapajua, mgambo mgeni au mwalimu aliyeripoti juzi hapajui. Mahali hapo paingizwe katika mpango wa kijiji, na anayeishi jirani napo awe mmoja wa wapiga simu. Kwa walio mbali na mtandao kabisa, yowe na filimbi bado ni vyombo halali vya kazi. Usukumani mwano ulikuwa ukikusanya watu muda mrefu kabla ya minara. Kinachotakiwa ni makubaliano kuhusu ishara, ili yowe la moto lisichanganywe na la wizi, watu wakaja na mapanga mahali palipohitaji ndoo na matawi mabichi.

Katika uzazi, wataalamu huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mbili za kwanza zinaanzia nyumbani na njiani. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa umeenea nchini, ulibuniwa kuziba pengo la pili. Simu ya 115 hupokewa na mratibu, ambaye hutafuta gari la wagonjwa na, likikosekana, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, kisha dereva hulipwa kwa simu. Huduma hii ni kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28. Haimhusu aliyeanguka mnazini wala aliyekanyagwa na ng'ombe. Kijiji kinachodhani 115 itabeba kila mgonjwa hujikuta hakina mpango kwa wengine wote.

Kwa hao wengine, swali la kweli ni la mafuta. Mwenye gari au pikipiki hubeba mgonjwa mara ya kwanza kwa utu, mara ya pili kwa aibu, na mara ya tatu huzima simu. Mwenye lawama hapo ni kijiji kilichotumia mali ya mtu mmoja kama mali ya wote. Halmashauri ya kijiji inapaswa kupitisha katika mkutano mkuu mchango mdogo wa mfuko wa dharura, kiwango cha kumrudishia dereva gharama kwa kila umbali, na muda wa kumlipa. Mchango utolewe kwa stakabadhi, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi kila mkutano wa robo mwaka, na asiwepo anayeachwa njiani kwa sababu kaya yake haijachanga. Deni litadaiwa baadaye kwa utaratibu. Vilevile dereva ana haki ya kukataa kubeba watu watatu juu ya pikipiki moja, hata mjumbe akimfokea.

Huduma ya kwanza inahitaji mafunzo, na mahali pa kuyaomba ni zahanati ya kijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Makosa machache, hata hivyo, yanaweza kukomeshwa hata kabla ya mafunzo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika zipatazo 20. Asipakwe dawa ya meno, unga wala mafuta. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba ya kubana. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe kituoni, na hakuna haja ya kumwinda nyoka. Jeraha linalovuja damu libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Visima na mashimo ya vyoo vina tabia mbaya ya kuua watu wawili kwa mpigo: wa kwanza huzidiwa na hewa chafu, wa pili hushuka kumfuata na kuzimia palepale. Asishuke mtu, hata akiwa ndugu wa aliyemo. Ita 114, sogeza umati, teremsha kamba kwa aliye chini kama bado ana fahamu.

Moto kichaa unahitaji nidhamu ya msimu. Vijiji vinavyopakana na misitu na mashamba ya miti, kama vile vya Mufindi, vimezoea kusafisha vikinga moto kabla nyasi hazijakauka na kumtaka mkulima atoe taarifa kwa kiongozi na majirani kabla ya kuchoma shamba. Sheria ndogo ya namna hii iwe na adhabu inayotekelezeka na imguse pia mfugaji tajiri anayewasha nyasi ili zichipue. Ikimwonea haya mmoja, wote wataipuuza.

Vijiji vilivyo kando ya barabara kuu vina hatari ya peke yake. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengi wakichota petroli, kisha likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Mgambo wa kijiji cha kando ya barabara anapaswa kujua kwamba lori la mafuta likianguka, wajibu wake ni kuwarudisha watu nyuma, upande upepo unakotoka, kuzuia sigara na pikipiki zisiwashwe karibu, na kusimamisha magari pande zote mbili. Atatukanwa na majirani zake mwenyewe. Ndiyo maana inafaa awepo pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na pasiwe na mjumbe yeyote atakayeonekana na dumu.

Ulinzi dhidi ya uhalifu ndio eneo ambamo vikundi vya kijiji vimefanya mema mengi na pia maovu makubwa. Sungusungu walizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabili wizi wa ng'ombe na ujambazi, na baadaye sheria ikawatambua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu katika mazingira fulani, na inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Haimruhusu kumhoji kwa viboko, kumtoza faini papo hapo, wala kumlaza usiku kucha katika ofisi ya kijiji. Ibara ya 13(6) ya Katiba inasema mtuhumiwa si mkosaji hadi ithibitike, na inakataza mateso. Mlinzi anapomkamata mtu, usalama wa mtu huyo unakuwa jukumu lake. Umati ukija na matairi, kazi ya mgambo si kusimama kando akisubiri yaishe. Ni kumwingiza ndani, kufunga mlango, kupiga 112 na kuandika majina ya wachochezi. Mtu akiuawa, polisi hawatamuuliza marehemu alikuwa ameiba nini. Watauliza nani alikuwapo.

Ulinzi huo unawahusu pia wasio wezi. Katika baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, pengine kwa macho mekundu yaliyotokana na miaka ya kupikia kuni. Uvumi dhidi ya mzee uchukuliwe kama dharura inayokuja, utolewe taarifa polisi, na kaya yake iwekwe katika njia ya doria. Kesi za ubakaji zisimalizwe kifamilia kwa ng'ombe. Mwathirika apelekwe kituo cha afya mapema, kabla ya kuoga ikiwezekana, na polisi wapewe taarifa. Fomu namba 3 ya polisi ni ya upelelezi. Kukosekana kwake kusiwe sababu ya kumwacha majeruhi akivuja damu barazani.

Tahadhari za hali ya hewa nazo zina lugha yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari na nyekundu kwa tahadhari kubwa. Baada ya matope kutoka Mlima Hanang kuufikia mji wa Katesh na vijiji jirani tarehe 3 Desemba 2023 na kuua makumi ya watu, hakuna kijiji cha chini ya mlima kinachoweza kusikia rangi hizo redioni na kuendelea kama kawaida. Chungwa likitajwa, kaya za mabondeni na kingo za makorongo zijue tayari zitalala wapi, na nani atambeba mgonjwa asiyetembea.

Kila tukio liandikwe katika daftari moja lenye kurasa zilizohesabiwa: saa taarifa ilipopokelewa, aliyepiga simu, saa msaada ulipofika, waliokwenda, vilivyotumika na gharama. Daftari hilo ndilo litakalomtetea mtendaji mbele ya mkaguzi au mahakama, na ndilo litakaloonyesha kwamba simu nne za mwaka huu zilichelewa kwa sababu ya daraja lilelile, hoja ambayo diwani ataweza kuipeleka katika baraza la madiwani ikiwa na ushahidi. Mtendaji anapohamishwa, daftari, orodha ya wapiga simu na madereva, stakabadhi za mfuko wa dharura na ufunguo wa ofisi vikabidhiwe kwa maandishi siku ileile, na namba za simu zijaribiwe moja moja mbele ya anayepokea.