Ulemavu wa Akili na Ajira: Kufundishwa Kazi Mahali pa Kazi

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Ni hali inayoanza kabla ya utu uzima, ambapo uwezo wa kujifunza na kumudu shughuli za kila siku huwa chini ya ule wa watu wa rika moja. Miongoni mwa visababishi vyake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani na hitilafu za kromosomu. Hakuna dawa ya kuuondoa, bali mafunzo huongeza uwezo.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtu huyu sharti aandaliwe kwanza, ndipo apewe kazi. Wengi wakazeeka wakiandaliwa. Katika miaka ya 1970, Marc Gold wa Marekani aliwafundisha watu wenye ulemavu huo kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, kwa kuigawa kazi katika hatua ndogo. Baadaye ukaenea utaratibu wa kumweka mtu kazini, kumfundisha papo hapo, na kupunguza msaada kadiri anavyomudu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini huko Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, riziki ya wengi hutoka katika kakao, mpunga na uvuvi. Mwajiri ni mkulima, mfanyabiashara au chama cha ushirika.

Kazi ya kuanika kakao iliyovundikwa inafaa kuwa mfano. Hatua zake ni kumwaga mbegu kichanjani, kuzitandaza, kuzigeuza, kuondoa zilizooza, na kuzifunika mvua inapotanda. Mwelekezi aonyeshe hatua moja, amwachie mwanafunzi atende, asahihishe bila karipio, kisha aongeze nyingine. Saa ya kugeuza ifungamanishwe na ishara isiyobadilika, kama kengele ya shule.

Tahadhari moja ni ya kitabibu. Wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Mwenye kifafa kisichotulizwa kwa dawa asipande mtumbwi, wala asifanye kazi peke yake kando ya maji au moto.

Mwisho ni ujira. Anayepewa sahani ya ubwabwa kwa kazi ya kutwa hajaajiriwa, bali ametumiwa. Alipwe sawa na wenzake, mkononi mwake, naye afundishwe kuzihesabu fedha zake.