ELIMU YA TEKNOLOJIA: Kifaa Kinachopima Umbali na Kusoma Ishara za Mikono

Daktari akiwa katikati ya upasuaji hawezi kushika kipanya cha kompyuta. Akikishika, glavu zake hupoteza usafi na mgonjwa huwa katika hatari ya kuambukizwa viini. Mwaka wa 2012, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, madaktari walijaribu njia nyingine: kuzungusha na kukuza picha za mishipa ya damu kwenye skrini kwa kupunga mikono hewani. Kifaa walichotumia ni Kinect, ambacho kampuni ya Microsoft ilianza kuuza mwaka wa 2010 kwa ajili ya michezo ya video.

Kinavyofanya kazi
Kamera ya kawaida hunasa rangi na mwanga. Kihisi cha umbali huongeza jambo moja: hupima kila kitu kilicho mbele yake kiko mbali kiasi gani. Kinect ya kwanza hutupa maelfu ya vitone vya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Vitone hivyo husogea kidogo kwenye picha kulingana na ukaribu wa kitu vilichogonga. Kompyuta hupima msogeo huo na kukokotoa umbali.

Zoezi: Picha moja ina nukta 640 kwa 480, na kifaa hupiga picha 30 kwa sekunde. Ukizidisha, utapata vipimo zaidi ya milioni 9 kila sekunde.

Kusoma ishara
Kwa kuwa mtu yuko karibu kuliko ukuta ulio nyuma yake, programu humtenga kwa urahisi. Kisha hukadiria vilipo viungo 20 vya mwili, vikiwemo kichwa, kiwiko na kiganja, na kuvifuatilia. Mkono ukienda kulia, picha hugeuzwa.

Kuchora chumba
Mwaka wa 2011, watafiti wa Microsoft na wenzao wa Imperial College London walieleza mfumo wa KinectFusion. Mtu hushika kifaa na kukizungusha polepole chumbani. Programu hutambua kifaa kilipo kila mara, kisha huunganisha vipimo hadi meza, viti na kuta vionekane katika umbo lao kamili. Sehemu moja ikipimwa mara nyingi, makosa madogo hupungua.

Mipaka yake
Jua kali hufunika mwanga wa infraredi, ndiyo maana kifaa hiki hufaa zaidi ndani ya nyumba. Vioo na vitu vyeusi pia hukipotosha.

Zingatia sheria
Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha inayoweza kumtambulisha mtu ni data ya kibinafsi. Vijana wanaojifunza teknolojia hii wanahimizwa kuomba idhini kabla ya kumpiga mtu picha au kupima nyumba yake.