Rangi Mbili Si Dawa ya Mafua

Mtoto akikohoa siku mbili, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kuomba rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki. Kabla ya kutoa pesa, tujue kwanza dawa hiyo inapiga nini mwilini.

Mara nyingi ndani yake mna amoksilini, ya ukoo wa penisilini aliyoigundua Alexander Fleming jijini London mwaka 1928. Bakteria ana ukuta mgumu unaomzunguka, na kila anapojigawa huhitaji kuujenga upya. Amoksilini huvuruga ujenzi huo: maji humwingia, hufura, hupasuka. Seli za binadamu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa humuua yeye na kutuacha sisi. Antibiotiki nyingine hulenga kwingine. Doksisaiklini, kwa mfano, huzuia bakteria asitengeneze protini.

Virusi vya mafua havina ukuta, wala havijitengenezei protini. Huingia ndani ya seli zetu na kuzitumikisha. Rangi mbili haina pa kuvishika. Mafua huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi, na aliyemeza huapa kuwa dawa ndiyo iliyomponya.

Bakteria wanapokuwa ndio chanzo kweli, saa za kumeza zina uzito zaidi kuliko tunavyodhani. Bahasha ikiandikwa 1x3, ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Amoksilini hutoka haraka kwa mkojo, na hufanya kazi pale tu inapokuwepo ya kutosha kwenye damu. Wapo bakteria ambao wakipata mazingira mazuri hujigawa kila dakika 20. Mmoja tu, baada ya saa 7, huwa zaidi ya milioni 2. Ukiruka dozi, unawapa nafasi hiyo.

Wanaosalia ni wale wanaoistahimili dawa. Baadhi hutengeneza kimeng'enya kinachoikata amoksilini kabla haijawafikia, na huweza kuwapa wenzao uwezo huo. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mgonjwa. Kwa hiyo kichanga cha jirani, ambacho hakijawahi kuonja dawa, kinaweza kuambukizwa bakteria aliyezoeshwa dawa nyumbani kwako. Hili linauma, kwa sababu kichanga hicho hakina kosa. Basi meza kama ulivyoandikiwa, siku zote ulizoandikiwa, na usimgawie mtu vilivyobaki.

Kuhara majimaji nako mara nyingi hakuhitaji antibiotiki: mpe mtoto ORS na zinki, na uendelee kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya.

Kikohozi je? Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Mpeleke siku hiyohiyo, na hapo amoksilini inaweza kuokoa maisha yake. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au akiwa hajatimiza miezi 2, usihesabu chochote. Wahi hospitali.