Dondoo muhimu: Kuunganisha ofisi ya Kasese na ya Bwera

Kabla ya kugusa VPN, kagua anwani. Ofisi zote mbili zikitumia 192.168.1.0/24, kama ruta nyingi zinavyotoka kiwandani, zitagongana. Ipe Bwera 192.168.20.0/24. Kwa IPsec, ruhusu UDP 500 na 4500 kwenye kuta zote mbili za moto, na kila ukuta uwekewe njia ya kuelekea mtandao wa mwenzake. Upande mmoja ukisahauliwa, ombi hufika, jibu hupotea. Bwera ikitegemea modemu ya laini ya simu, huenda haina anwani ya umma: yenyewe ndiyo ianzishe muunganisho, Kasese ipokee. Mafaili makubwa yakikwama ilhali ping inapita, jaribu MTU ya 1400. Mpaka wa Mpondwe uko jirani mno na Bwera, kwa hiyo zima rominga, modemu isije ikadaka mnara wa Kongo.