Othaya kwa Baiskeli: Somo la Kuisoma Migongo, Mabwawa na Mahandaki ya Zamani

Katika Othaya, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mitungi ya maziwa, magunia ya majani chai na nyasi za ng'ombe. Ni wakazi wachache wanaoipanda kwa burudani, ilhali barabara ndogo za mashambani, mabwawa na mabaki ya kale yanayofaa kutembelewa yapo tayari. Somo hili linaeleza jinsi familia, kikundi cha vijana au klabu ya shule inavyoweza kupanga matembezi ya baiskeli ya nusu siku bila kungoja barabara mpya. Linaeleza pia kwa nini ni vyema matembezi hayo yafanywe mapema: baadhi ya mambo ya kuona njiani yanafutika kila mwaka.

1. Kuielewa ardhi kabla ya kupanda baiskeli

Eneo la Othaya limekaa kama vidole vya mkono uliotandazwa. Migongo ya ardhi inateremka kutoka milima ya Nyandarua upande wa magharibi kuelekea mashariki, na kati ya mgongo mmoja na mwingine kuna bonde lenye mto au kijito. Mto Gura, unaojulikana kwa kasi na baridi ya maji yake, ni mmojawapo wa mito inayotoka huko juu na kuishia katika mto Tana.

Kutokana na umbo hilo, kanuni ya kwanza ni rahisi: kufuata mgongo ni kazi nyepesi, kuvuka mgongo ni kazi nzito. Anayefuata barabara inayopita juu ya mgongo hupanda au kushuka polepole. Anayekata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine huteremka kwa kasi hadi mtoni, kisha hulazimika kusukuma baiskeli kupanda upande wa pili. Kwa hivyo anayepanga safari ahesabu mabonde, si kilomita. Kwa anayeanza, bonde moja au mawili yanatosha kwa asubuhi moja.

Majina ya mahali nayo husaidia. Othaya ina wadi nne: Mahiga, Iria-ini, Chinga na Karima. Kwa Kikuyu, Mahiga ni mawe, na Iria-ini ni mahali penye ziwa. Mzee wa mtaa anaweza kueleza majina ya vijito, vivuko na vilima vidogo ambayo hayamo katika ramani ya simu.

2. Maji: mabwawa makubwa na madogo

Bwawa linalofahamika zaidi ni la Chinga, kusini mwa mji wa Othaya, lililozungukwa na mashamba ya majani chai. Anayefika hapo asubuhi, kabla ya upepo kuanza, huona mashamba yote yamejipiga picha majini. Ni mahali pazuri pa kupumzika na kula, mradi takataka zirudi nyumbani.

Mbali na Chinga kuna mabwawa madogo ya samaki. Mengi ya aina hii yalichimbwa kuanzia mwaka 2009, chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi. Rais wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, aliyekuwa pia mbunge wa Othaya tangu mwaka 1974 hadi 2013. Katika awamu ya kwanza ya mpango huo, serikali ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 nchini, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Nyeri ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyonufaika. Baadhi ya mabwawa bado yana tilapia na kambare. Mengine yamekauka na kumea nyasi, na mpita njia huweza kuyatambua kwa umbo lake la mstatili na kingo zilizonyooka.

Aina ya tatu ya maji ni chepechepe za mabondeni, ambako nduma hulimwa. Hapa ndege ni wengi, na ndipo mahali pa kumwonyesha mtoto jinsi maji yanavyochujwa na udongo kabla ya kuingia mtoni.

Tahadhari moja haina budi kuzingatiwa: mabwawa mengi hayana ua, kingo zake huteleza, na kina chake hakionekani kutoka juu. Watoto wasiachwe peke yao kando ya maji, na mtu asiogelee bwawani kwa sababu tu maji yametulia.

3. Ngome ambazo kuta zake zilikuwa za udongo

Katika nchi nyingi za Ulaya, watu huendesha baiskeli mashambani hadi kwenye magofu ya ngome za mawe. Nyeri nayo ilikuwa na ngome zake, na si za kale sana. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilijenga vituo vya homugadi, wale walioitwa ngati kwa Kikuyu, katika migongo mingi ya Kati. Kituo cha kawaida kilizungukwa na handaki lenye kina, ambalo ndani yake vilisimikwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha. Kiingilio kilikuwa daraja la kuinuliwa, na ndani palikuwa na mnara wa mlinzi. Ukiondoa mawe, huo ndio mpangilio uleule wa ngome za Ulaya.

Kuanzia Juni 1954 watu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao hadi katika vijiji vilivyolindwa. Kufikia mwisho wa mwaka 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehamishwa na zaidi ya vijiji 800 vilikuwa vimejengwa. Wakazi wenyewe, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba mahandaki. Mahandaki mengine marefu yalichimbwa kando ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula kutoka kwa watu wao. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Familia nyingi zilirudi mashambani, lakini baadhi ya vijiji hivyo vingali na watu hadi leo.

Kwa kuwa ngome hizi zilikuwa za miti, nyasi na udongo, hazikuacha kuta. Kilichobaki ni alama katika ardhi, na macho yanahitaji mazoezi ili kuziona. Kuna dalili nne za kutafuta:

Kwanza, bonde dogo lililonyooka kupita kiasi. Maji hukata ardhi kwa kupindapinda. Jembe la mtu hukata mstari.

Pili, handaki linalopita juu ya mgongo au ubavuni mwake, mahali ambapo mto hauwezi kupita.

Tatu, uwanja tambarare juu ya kilima kinachotazama pande zote. Kituo cha ulinzi kilihitaji kuona mbali.

Nne, nyumba zilizosongamana katika mistari, katika eneo ambalo kwa kawaida kila boma limejitenga katika shamba lake.

Dalili moja pekee si ushahidi. Mtaro wa barabara au mpaka wa shamba pia hunyooka. Dalili mbili zikikutana, inafaa kuuliza.

Na hapo ndipo penye haraka. Handaki lililofukiwa ili kupandwa chai au kujengwa nyumba halirudi. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1954 sasa amevuka miaka 80. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 waliodhulumiwa wakati huo, na kesi yao ilitegemea pia kumbukumbu za wazee waliokuwa bado hai. Ardhi na mzee ni mashahidi wawili wa jambo moja, na wote wawili wanaondoka.

4. Safari tatu za kuanzia

Chinga: kutoka mji wa Othaya kuelekea kusini kwa barabara ya lami iendayo Kiria-ini, kisha kuingia barabara za ndani hadi bwawani. Inafaa kwa wanaotaka kuona maji na mashamba ya chai.

Karima: safari fupi hadi kilima cha Karima chenye msitu. Kilima hiki ni mahali patakatifu ambapo wazee wa Kikuyu walifanyia maombi. Miti ya kigeni kama mikaratusi ilipandwa huko kwa miaka mingi, na jamii imekuwa ikijitahidi kurudisha miti ya asili. Baiskeli ziachwe chini, na mtu asikate hata tawi.

Mahiga: kupanda polepole kuelekea magharibi hadi karibu na msitu wa Nyandarua. Hii ni ya waliozoea. Mwisho wa safari ni ua wa umeme uliokamilishwa mwaka 2009, unaozunguka msitu kwa takriban kilomita 400. Ng'ambo ya ua kuna ndovu na nyati, hivyo hakuna anayepaswa kuvuka bila idhini na mwongozo wa maafisa wa wanyamapori.

Miezi mizuri ni Januari, Februari na Septemba. Mvua ya njahi, kati ya Machi na Mei, na ile ya mwere, kati ya Oktoba na Desemba, hugeuza barabara za udongo kuwa utelezi. Julai na Agosti huwa na baridi na ukungu. Anayesafiri avae nguo za rangi inayoonekana kwa mbali.

5. Usalama na adabu za njiani

Baiskeli ikaguliwe siku moja kabla: breki zote mbili, mnyororo, hewa ya magurudumu na njugu za ekseli. Baiskeli nzito zisizo na gia zinafaa juu ya mgongo, lakini breki zake hulegea zikilowa, kwa hivyo kwenye mteremko mkali ni bora kushuka na kutembea. Anayeshuka akiwa juu ya baiskeli akamate breki kwa vipindi, ya nyuma kabla ya ile ya mbele, wala asiibane ya mbele ghafla.

Wote waende upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa wamevaa helmeti. Malori ya majani chai hupita katika barabara nyembamba yakizunguka vituo vya kununulia majani, hasa kuanzia mchana. Safari ikianza saa moja asubuhi, itakuwa imekwisha kabla ya malori kuwa mengi.

Adabu ni sehemu ya usalama. Mahandaki mengi yamo ndani ya mashamba ya watu. Mgeni hubisha hodi, humsalimu guka au cucu mwenye boma, na huomba ruhusa kabla ya kuingia au kupiga picha. Swali linalofaa ni hili: "Hapa palikuwa na nini zamani?" Swali lisilofaa ni la kumuuliza mtu familia yake ilikuwa upande gani. Watoto wa wapiganaji na watoto wa homugadi ni majirani, huabudu pamoja na kuoana. Mzee akitaka kusimulia, atasimulia. Akinyamaza, aachwe na amani yake.

6. Baada ya safari

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti majukumu ya utalii wa mashinani, utamaduni na barabara za kaunti. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 nayo inamruhusu Waziri kutangaza, kupitia gazeti rasmi la serikali, kwamba mahali fulani pa kihistoria palindwe. Lakini hakuna ofisi inayoweza kulinda handaki ambalo haijui lilipo. Taarifa ya mkazi ndiyo hatua ya kwanza.

Kila kikundi kinachosafiri kinaweza kufanya zoezi hili na kupeleka nakala kwa msimamizi wa wadi:

(a) Chora ramani ya njia kwa mkono, ukionyesha migongo, mito na mabwawa.

(b) Andika kila mahali penye dalili mbili au zaidi za handaki au kijiji cha zamani. Pima urefu na upana kwa hatua.

(c) Kwa ridhaa yake, andika maelezo ya mzee mmoja kuhusu mahali hapo, na tarehe ya mazungumzo.

(d) Taja bwawa moja lisilo na ua lililo karibu na njia ya watoto wa shule.

(e) Jadilini: ikiwa handaki lipo katika shamba la mtu anayelihitaji kwa kilimo, ni njia gani inayoweza kuhifadhi kumbukumbu bila kumnyima riziki?

Swali la mwisho halina jibu moja. Mgongo mmoja unaweza kuchagua kibao, mwingine kuuhifadhi mti uliopo, mwingine kuweka picha na maelezo katika maktaba ya shule. Kinachohitajika ni uamuzi wa wakazi wenyewe, ufanywe wakati handaki bado linaonekana na guka bado yupo wa kulieleza.