Dai, Mchango na Msamaha: Lugha ya Ankara za Kielektroniki katika Hospitali za Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno machache yanayotumika katika hati za malipo ya hospitali. Mfano tulioutumia ni Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ambako huduma za hospitali ya wilaya ya Serikali mjini Kilosa hukamilishana na zile za Hospitali ya Mtakatifu Kizito, iliyo chini ya Kanisa Katoliki, mjini Mikumi. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Zambia, na Kilosa iko kwenye Reli ya Kati. Kwa hiyo wagonjwa wa wilaya hii si Wasagara, Wakaguru na Wavidunda peke yao, bali pia wafugaji wa Kimaasai, wahamiaji na wasafiri. Lugha inayowakutanisha wote mbele ya dirisha la malipo ni Kiswahili.

Hoja yetu ni kwamba kanuni za ankara za kielektroniki zimefanikiwa kuonyesha fedha ilikokwenda, lakini istilahi zake hazijamwonyesha mgonjwa haki yake ilipo.

2.0 Usuli

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, matibabu katika hospitali za Serikali ya Tanzania kwa jumla yalitolewa bila malipo. Utaratibu wa kuwatoza wagonjwa ulianza mwaka 1993 na ukaitwa uchangiaji wa gharama. Mfuko wa Afya ya Jamii ulifuata kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sambamba na hayo, hati zenyewe zilibadilika. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti za kodi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na mwaka 2017 ukaanza mfumo wa Serikali wa kukusanya mapato uitwao GePG. Katika mfumo huu mlipaji hupewa namba yenye tarakimu 12, naye hulipa kwa simu, kwa wakala au benki. Wananchi huiita kontroo namba. Hati rasmi huiita kumbukumbu namba ya malipo.

3.0 Hati nne na jina moja

Kimantiki, malipo ya hospitali yana hati nne. Ankara hueleza kinachodaiwa. Kumbukumbu namba huonyesha njia ya kulipia. Stakabadhi huthibitisha kuwa fedha imepokewa. Hati ya madai hupelekwa na hospitali kwa mfuko wa bima. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, karatasi hizi zote huweza kuitwa risiti.

Mkanganyiko huu una madhara. Stakabadhi inatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa kabidhi. Maana yake ya msingi ni kupokea. Mtu anayeshika ankara akiita risiti anaweza kudhani kwamba amekwisha kulipa, au, kwa upande mwingine, akaondoka bila stakabadhi kwa kudhani ameshaipata. Atakapopewa rufaa kwenda Morogoro hatakuwa na uthibitisho wowote.

4.0 Nani anamdai nani?

Kitenzi dai kinahitaji pande mbili: mdai na mdaiwa. Katika ankara, mdai ni hospitali na mdaiwa ni mgonjwa. Katika fomu ya bima, mdai ni hospitali ileile, lakini mdaiwa ni mfuko. Mgonjwa ni shahidi tu anayethibitisha kwamba huduma imetolewa. Nomino madai haionyeshi tofauti hiyo. Mwanachama asiyeelezwa huweza kuogopa kutia saini, akidhani anakiri deni. Au akatia saini bila kusoma, na ushahidi wake ukathibitisha dawa ambayo hakupewa. Mfuko hauna shahidi mwingine aliyekuwapo chumbani isipokuwa yeye.

5.0 Mchango na msamaha

Neno changia lina historia yake katika jamii. Watu huchangia harusi, msiba na ujenzi wa shule. Anayechangia hutoa kadiri ya uwezo wake, na asiye nacho huomba radhi bila kuwa mdaiwa. Sera ya mwaka 1993 iliazima heshima ya neno hilo, lakini ankara inayotolewa dirishani ina kiwango maalumu na haipokei radhi. Hivyo sera inazungumza kwa lugha ya mchango, na hati inazungumza kwa lugha ya deni.

Msamaha una utata mkubwa zaidi. Sera ya afya inatofautisha makundi mawili. Kundi la kwanza halitozwi kwa mujibu wa sera yenyewe: wajawazito, watoto walio chini ya umri wa miaka 5, na wenye maradhi kama kifua kikuu. Kundi la pili ni la watu wanaopaswa kulipa lakini wameonekana hawana uwezo. Kiswahili cha hospitali huyaita makundi yote mawili wenye msamaha. Lakini anayesamehewa ni mkosaji au mdaiwa, naye hutegemea hisani ya anayesamehe. Mama mjamzito hana deni la kusamehewa, ana stahili. Neno moja linapotumika kwa wote, mwenye haki hujikuta akiomba.

Ankara ya kielektroniki ingeweza kuliondoa tatizo hili kwa sababu kila huduma huwa na mstari wake. Mstari wenye sifuri usio na maelezo hausemi kama mgonjwa ametendewa haki au amehurumiwa.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ankara, stakabadhi na hati ya madai yachapwe juu ya kila hati kwa herufi kubwa, na risiti iachwe iwe kisawe cha stakabadhi pekee. Pili, fomu ya bima imtaje mdaiwa waziwazi. Tatu, neno stahili litumike kwa kundi la kwanza na msamaha ubaki kwa kundi la pili. BAKITA, chombo kilichoundwa kisheria mwaka 1967, kina mamlaka ya kusanifisha istilahi hizi kwa kushirikiana na Wizara ya Afya.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Haitoshi hakimu kuielewa hati iwapo mgonjwa aliyeibeba toka Mikumi hadi Kilosa hakuielewa.