Mabilioni ya Janga: Jinsi ya Kuzifuata Pesa za Serikali

Serikali ikitangaza mabilioni ya kupambana na janga, usikimbilie kushangilia wala kulaani. Uliza kwanza pesa hizo zitamfikia nani, na lini. Tuangalie Kenya ya mwaka 2020.

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla mwezi haujaisha, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ishuke kutoka asilimia 16 hadi 14, na anayelipwa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi asamehewe kodi. Mwezi Mei ukaja mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7.

Lakini msamaha wa kodi ya mshahara unamsaidia mwenye mshahara. Mama mboga na mtu wa mjengo hawamo. Ndiyo maana mpango wa Kazi Mtaani, uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda kuzibua mitaro na kufagia, ulikuwa na nguvu ya aina yake. Kijana akilipwa hununua unga, mwenye duka huagiza mwingine, na pesa ile ile huzunguka mtaani. Mwenye mshahara mnono akipunguziwa kodi, huenda nafuu hiyo akaiacha benki tu, tena hoteli na baa zikiwa zimefungwa.

Pesa nyingine hutoka hazina bila kumfikia mgonjwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa na KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa, alikuta bei zimepandishwa na shehena kubwa imelala ghalani.

Uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, ukakua kwa asilimia 7.5 mwaka 2021. Mwanasiasa akikuambia ukuaji huo umeletwa na bajeti yake, mkumbushe kwamba biashara zilikuwa zimefunguliwa na hesabu ilianzia chini. VAT nayo ilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021.

Ukitaka kujua mradi wa kwenu ulipata nini, Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupewa taarifa. Iandikie ofisi husika, utaje mradi, kaunti na mwaka wa fedha. Sheria ya 2016 kuhusu haki hiyo inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza, na maombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya nakala.